Kitabu cha Saba

Cha sita kilifika Katindo hakina jalada,
kurasa za mwisho zimelowa mawese,
tukazisoma kwa kuzinyanyua juani
kama mtu anayekagua noti ya dola.

Cha saba hakijaja. Mwaka wa tatu sasa.
Mimi kazi yangu ni kutia moto simu za watu,
na mbele ya kibanda, juu ya ukuta wa mawe meusi,
shule ikitoka, mahakama inaketi.

Kesi ni moja tu: Tindi ataishia wapi?
Tindi abebaye mlango mgongoni,
mlango usio na nyumba,
kila akiutua unafunguka nchi nyingine:
nchi ya chumvi inayonong'ona,
nchi ambako mvua hunyesha kwa zamu, mtaa kwa mtaa.
Na nyuma yake, vitabu sita mfululizo, Mfalme Nondo,
anayekula majina ya watu
kama nondo wengine wanavyokula sweta.

Bauma hana huruma. "Atakufa.
Kitabu cha nne, ukurasa wa tisini:
kivuli chake kilichelewa kuvuka.
Kivuli kikichelewa, mwenyewe amekwisha."
Ana daftari la ushahidi, wino mwekundu,
na hutoa hukumu huku akitafuna muwa.

"Weye unapenda tu kuua watu," anasema Kahambu.
Kwake Nondo ni baba yake Tindi,
aliyekula jina lake mwenyewe siku ya njaa ya kwanza.
Akiitwa mara moja tu, ataanguka.
"Ataitwaje, na jina limeliwa?"
Hapo Kahambu huinama, hufuta vumbi kiatuni.
Kesho yake huja na jibu jipya, nalo pia lina tundu.

Hata Mumbere wa chukudu, ambaye hajasoma hata ukurasa,
alisimama na magunia yake ya makala, akatoa maoni:
"Mi naona atauuza. Mbao nzuri siku hizi ni pesa."
Tulicheka mpaka mama wa sambaza akageuka.
Lakini usiku usingizi ulinipita:
kitabu cha tano, sokoni, si kulikuwa na mnunuzi asiye na uso?
Si alisema atarudi?

Dhana yangu mimi siisemi.
Kusema kweli sina dhana, nina ombi:
mwandishi, huko uliko, andika polepole.

Kanyere ni mdogo kuliko wote, na hasemi.
Kwao kuna mlango umeegemea ukuta.
Usiku ule mlima ulipomwaga moto
watu walibeba magodoro, redio, mbuzi;
baba yake alikuja na nyundo, akaung'oa,
akautembeza kichwani mpaka Sake.
Nyumba ilibaki chini ya jiwe.
Ile mpya, ya mbao na mabati, ni fupi mno,
mlango hauingii, na baba hataki kuukata.
Ufunguo anauweka pamoja na karata ya uchaguzi.

Ijumaa moja, Bauma akisoma ushahidi wa kumi na mbili,
Kanyere akasema: "Hamkusoma vizuri."
Tukageuka.
"Tindi hajabisha hodi hata siku moja.
Vitabu sita, anafungua tu, anaingia.
Cha saba atabisha. Na mtu wa ndani atauliza, nani?"
"Halafu?"
"Halafu atataja jina lake, lote."
"Halafu?"
"Sijuwe. Inategemea nani yuko ndani."

Bauma alipekua daftari, akapekua vitabu,
cha kwanza, cha tatu, hata kile chenye mawese.
Hodi hamna. Popote.
Akafunika kalamu yake.

Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya Himbi
mwenye simu ya tochi alipokuja kuchukua mali yake,
akagonga ubao wa kibanda: hodi!
Nasi sote wanne tukaangaliana, kimya,
muda mrefu kidogo,
kabla sijakumbuka kuuliza ni nani.